Mimba Iliyonitangulia Biliqo

Nyinyi wanawake wa Kiwanjani hapa Isiolo mmenichosha. Mmoja ananishika dukani, mwingine ananivuta kando msibani, wa tatu anabisha mlango nikiwa na povu la sabuni mpaka viwiko: "Ebu tuambie, Zeinab, huko kulitokea nini?" Nimesimulia vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kugombana. Leo nimesukuma kitambaa kando ya cherehani, naandika yote mara moja. Asiyejua kusoma asomewe, na anayesoma asiongeze chumvi.

Ugonjwa wangu mnaujua. Hedhi imenitesa tangu usichana, na ni nyinyi mlionishika mgongo nikitapika, mkanifunika blanketi, mkanimalizia nguo za wateja. Tangu Guyo anioe sijashika mimba hata moja. Daktari wa Nairobi ndiye aliyenipasua kidogo tumboni akaona kwa macho yake: ile nyama laini ya ndani ya mfuko wa uzazi, kwangu imeota pia nje ya mfuko, na kila mwezi nayo inavuja damu ambayo haina pa kutokea. Akanipa dawa ya kunyamazisha homoni, yaani ile amri ya mwilini inayoleta hedhi. Hedhi ikikoma kwa muda mrefu, ile nyama inanyauka. Kisha dawa inaachwa, na mwanamke anajaribu bahati yake. Lakini wakati wa dawa mimba ni marufuku kabisa, maana dawa ile inaweza kumharibu mtoto.

Nilianza kuimeza kabla ya Ramadhani. Hedhi ikakoma, na maumivu yakakoma nayo. Wallahi nililia kwa furaha mwezi wa kwanza ulipopita nikiwa nimesimama wima. Baada ya Idi nikatakiwa kurudi Nairobi kutazamwa na kuchukua dawa nyingine, na kutoka huko twende moja kwa moja Biliqo, kijijini kwao Guyo, kwa sababu mama yake alikuwa ametuma salamu mara tatu kwamba anataka kutuona.

KWENDA KENYA

Wageni hucheka wakisikia watu wa Isiolo wakisema wanakwenda Kenya, kana kwamba sisi tuko Uhabeshi. Wacha wacheke. Ukivuka lile geti la polisi la mji kwenda kusini, hata baridi inakuuliza umetoka wapi.

Basi letu liliharibika Nanyuki. Dereva alisema ni jambo dogo, na kila abiria aliyewahi kupanda basi akajua tutalala hapo. Guyo alinivika koti lake, akabaki na shati akitetemeka na kujifanya mwanaume. Mama mmoja Mmeru aliyekuwa na sufuria ya viazi na maharagwe kando ya barabara alimtazama, akatoa shuka kutoka chini ya kapu lake na kumtupia bila kumuuliza jina. Tulikula kwake jioni, tukala tena asubuhi. Tulipomrudishia shuka alimwambia Guyo, "Ukienda tena Nairobi, vaa kama mtu aliye na mama."

NAIROBI

Eastleigh tulifikia kwa shangazi yangu Hawo. Shangazi haamini kwamba kuna ugonjwa unaoweza kuyashinda maini ya mbuzi na anjera, ile mikate myembamba laini. Nililishwa mpaka nikaingia kwa daktari nikipumua kwa shida.

Daktari ni mwanamke mwenye haraka, lakini akiuliza swali hungoja jibu. Aliniuliza nina mabadiliko gani. Nikamwambia nimenenepa, nimetokwa na chunusi za kisichana, na hapa juu ya mdomo pameanza kuwa na kivuli. Akaniambia, "Na sauti?"

Hapo ndipo nilipoinama. Mnanijua mimi. Harusi gani Kiwanjani imewahi kuimbwa bila mimi? Sasa nikianza wimbo sauti inashuka chini, inakwaruza na kukatika. Nilimwambia. Akavua miwani, akasema dawa hii kwa wanawake wachache hufanya hivyo, na huenda sauti isirudi yote hata nikiiacha. Akaniuliza kama nataka tuiache.

Nilimtazama Guyo. Guyo alitazama viatu vyake, akasema, "Sauti ni yako."

Nikasema tuendelee. Daktari akapunguza kiasi cha dawa, akanionya jambo moja, akilirudia kwa kidole: nisiikatize hata siku chache. Nikiikatiza, hedhi itarudi, ile nyama itaamka, na itabidi tuanze upya. "Na kuanza upya," alisema, "sidhani sauti yako itavumilia. Pengine nami sitakubali kukupa tena." Nilitoka pale nimeikumbatia ile chupa ya vidonge.

GETINI

Tulirudi Isiolo na vumbi la barabara nzima. Nilikuwa nimejitanda shuka usoni, macho tu ndiyo yanaonekana. Getini askari mmoja akapanda basi, akatazama mizigo, akanisalimia. Nikaitikia.

Aliruka nyuma. "Wewe! Fungua uso!"

Kumbe amesikia sauti ya mwanaume kutoka ndani ya shuka la mwanamke, na siku zile kulikuwa na maneno ya majambazi wanaojificha. Nilifunua uso kwa hasira, na hapo ikawa mbaya zaidi, maana jua lilinipiga moja kwa moja juu ya mdomo. Akaniambia nishuke.

Jamani, nilichemka. "Nishuke niende wapi? Mimi ni binti wa mji huu! Babu yangu alivaa sare kabla baba yako hajavaa suruali!" Nikizidi kupayuka ndivyo sauti inavyozidi kuwa nzito, na ndivyo naye anavyozidi kuamini. Guyo anasema, "Afande, ni mke wangu," naye afande anamtazama Guyo kwa huruma. Aliyeniokoa ni mwanamke Mturkana aliyekuwa kiti cha nyuma na kapu la kuku. Alisema, "Afande, mwanaume hawezi kukasirika namna hii na bado ameshika kitana cha mtoto wangu." Kweli, nilikuwa nimeombwa nimshikie kitana akimsuka binti yake, nami nilikuwa nakitikisa mbele ya uso wa askari. Basi zima likacheka. Askari naye akacheka, akaniomba radhi, akaniambia ninywe chai ya tangawizi kwa mafua yangu. Nilimwambia ahsante. Niliposhuka stendi nililia kidogo, si kwa ajili yake.

LAGA

Lori la kwenda Biliqo lilikuwa la jamaa wa Guyo. Wanaume walipanda juu ya magunia, sisi wanawake tukapangwa mbele na nyuma kwa zamu. Miongoni mwetu alikuwamo Mama Kabale, jirani ya mama mkwe wangu. Alikuwa amekaa nyumbani kwangu Ramadhani nzima akitibiwa jicho, na sasa alikuwa anarudi kwao. Ni mtu mwema sana, na hakuna kinachompita, jicho bovu au zima.

Tulivuka daraja la Archer's Post vizuri. Mbele kidogo ya hapo tukaikuta laga, ule mto wa mchanga ambao hupata maji wakati wa mvua tu, imejaa. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, hapo tulipo hata wingu hakuna, na maji mekundu yanashuka na miti mizima. Tukangoja. Maji yalipopungua dereva akajaribu, lori likazama mchangani mpaka ekseli, na katika kulivuta springi ikavunjika. Mtu akaenda kutafuta springi nyingine kwa miguu. Kwa hiyo tukahamia pale: wanaume chini ya mti wao, wanawake chini ya mti wao, chai ya maziwa ya unga ikichemka tangu alfajiri.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo yote yalipoanzia. Mnajua desturi yetu. Mwanamke akiwa katika hedhi haswali wala hafungi, na siku alizokosa Ramadhani huzilipa baadaye. Asubuhi moja pale laga wanawake wawili hawakunywa chai, wakasema wanalipa siku zao. Mmoja akaniuliza, "Na wewe Zeinab, utalipa lini?"

Nikajibu kwa majivuno kabisa, "Mimi mwaka huu sidaiwi hata siku moja."

Mama Kabale akaweka kikombe chini. "Ni kweli," alisema polepole. "Nilikuwa kwake. Alifunga mwezi mzima. Na hapa tangu tufike hajakosa swala."

Wakanitazama. Walitazama tumbo, ambalo maini ya shangazi Hawo na dawa vilikuwa vimelijaza vizuri. Walitazama chunusi. Kisha wakaanza kusema Kiborana cha haraka, na Kiborana changu mimi ni cha sokoni Isiolo, nikaambulia neno moja tu, "mvulana". Nikadhani wanazungumza juu ya mtoto wa dereva. Baadaye sana Mama Kabale aliniambia walichosema: kwamba mwanamke akiota sauti ya dume, aliye tumboni ni dume.

Kuanzia hapo nikawa malkia. Nikishika kuni, zinanyakuliwa. Nyirinyiri ikifunguliwa, ile nyama ya kukaangwa iliyohifadhiwa ndani ya samli, vipande vyenye mafuta vinawekwa kwangu. Nikisimama ghafla, wanawake wanne wanapiga kelele. Nikajiambia, huyu Guyo amewaambia mimi ni mgonjwa, nitamwonyesha. Sikuuliza. Mtu akipewa kivuli kizuri na nyama laini hana haraka ya kuuliza.

Akapita mzee mmoja na ngamia zake, anaelekea Biliqo kwa njia za mkato. Mama Kabale alimfuata pembeni, wakazungumza, mzee akaitazama mbingu na kuinua mikono. Nami nikampungia mkono wa kwaheri, mjinga mimi.

BILIQO

Springi ilikuja, tukafika. Kabla lori halijasimama nikasikia vigelegele. Nikamuuliza Guyo kuna harusi ya nani. Hata yeye hakujua.

Mama mkwe wangu tunamwita Ayyo, kama Waborana wanavyomwita mama. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi, ukimpakia juu ya punda punda hajui. Alikuja mbele ya wote, akanishika uso kwa mikono miwili, akasema taratibu ili mimi mtu wa mji nielewe: "Mjukuu wangu amesafiri njia ndefu. Karibuni wote wawili."

Niligeuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu.

Lazima mjue Ayyo ni nani kwangu. Alizaa mtoto mmoja tu, Guyo, akafiwa na mume. Mdogo wake marehemu, mzee Wario, amekuwa akimshinikiza Guyo aoe mke wa pili, na mbele ya ukoo wote ni Ayyo aliyesimama akasema, "Huyu ni binti yangu, mngojeni." Amenikinga miaka yote hiyo bila kuniambia neno, nimeyasikia kwa wengine. Siku ile amesimama katikati ya watu, uso unang'aa, na mzee Wario mwenyewe amekuja kumpa mkono. Kondoo alikuwa ameshachinjwa. Ngozi mpya imetandikwa, kibuyu cha maziwa kimefukizwa moshi mzuri, na nje amefungwa mtamba mwenye paji jeupe, mmoja wa ng'ombe wachache aliobakiwa nao baada ya ukame wa themanini na nne. Alikuwa amemchagua awe ng'ombe wa kitovu, yule anayepewa mtoto anapozaliwa. Ningesemaje pale? Nilifungua mdomo, wakanipa maziwa.

Baada ya swala ya magharibi nilitoa chupa yangu ya vidonge. Ayyo akaiona. Akainyanyua kutoka mkononi mwangu kwa upole kabisa, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Dawa za hospitali haziingii kwa mwenye mimba," alisema. "Hii nitakuwekea mpaka ujifungue." Akaifunga kwenye pindo la nguo yake.

Nikamtafuta Guyo nyuma ya zizi.

"Wamenipongeza," alisema.

"Nawe ukasema nini?"

"Nilisema alhamdulillahi. Ningesema nini, Zeinab? Nimweleze mzee Wario habari za hedhi yako?" Kweli hawezi. Borana mwenye adabu hawezi kumtajia baba mdogo jambo kama hilo, afadhali anyongwe. Tulicheka mpaka tukashikana, lakini kidonge cha jioni kilikuwa kimepita na cha asubuhi kilikuwa njiani. Nikinyamaza, Ayyo ana furaha na mimi napoteza dawa, na pamoja na dawa nampoteza mtoto ambaye bado angeweza kuja. Nikisema, namvua nguo Ayyo mbele ya ukoo, na mzee Wario anapata neno lake.

ZIZINI

Asubuhi nilimfuata Ayyo akikamua. Nilichuchumaa upande wa pili wa ng'ombe ili nisimwone uso.

"Ayyo, hakuna mtoto."

Maziwa yaliendelea kulia ndani ya kibuyu, kisha yakasimama. "Imetoka? Lini?"

"Haikutoka. Haijawahi kuwapo. Hedhi imezuiwa na ile dawa uliyoifunga hapo kwenye nguo."

Alisimama. Uso wake ulinitisha, sijui nilikuwa natarajia kofi au nini. "Dawa ya kuzuia mtoto? Wewe unazuia?"

Maneno ya daktari yote yalinikimbia, mfuko, nyama, homoni, hayo ningeyasemaje kwa Kiborana cha sokoni? Nikatazama nje ya zizi, nikaona ng'ombe wanapelekwa kaskazini, kwenye nyasi za masika. Nikasema, "Ayyo, mvua ikinyesha, kwa nini wazee hufunga malisho ya kiangazi?"

"Yapumzike. Yakikanyagwa kila mwezi hayaoti."

"Tumbo langu limekanyagwa kila mwezi tangu usichana. Daktari amelifunga. Likipona atalifungua."

Akaweka kibuyu chini. "Nani anafungua? Wewe au yeye?"

"Yeye."

"Na likifunguliwa, nyasi zitakuwapo?"

"Sijui, Ayyo. Hata yeye hajui. Lakini nikiacha sasa, haitawezekana kufunga tena."

"Nimechinja kondoo," alisema.

"Najua. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Wewe ulisema una mimba?"

"Hapana."

"Basi ni sisi tuliokaa tukihesabu swala za mtu." Akafungua pindo la nguo, akanipa chupa. "Unameza na maji au na maziwa?"

Nilimeza na maziwa, yakiwa bado na povu, machozi yananiingia mdomoni. Jamani, nampenda yule mama.

Alipomaliza kukamua hakungoja. Alikwenda mpaka walipokaa wanaume na chai yao, mimi nyuma yake, Guyo akitafuta pa kujificha. Akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Nimekosea. Binti yangu hana mimba. Yuko kwenye matibabu."

Mzee Wario akakohoa. "Basi, shemeji, labda lile jambo letu la zamani..."

"Wario," alisema Ayyo, "wewe ni mzee wa malisho. Malisho ya kiangazi ukiyafunga, mtu akaja akasema hayana nyasi, tuhame, unamwambiaje?"

Mzee Wario alifikiri kwa uaminifu kabisa, maana ni mtu wa haki. "Namwambia yamefungwa. Angoje."

"Basi yamefungwa. Na mlinzi ni mimi." Akarudi kwake. Mama Kabale alinikimbilia akinishika mikono, analia na kuniomba radhi, kisha kabla hajafuta machozi akaniuliza kama dawa hiyo inafaa macho.

KUONDOKA

Tulikaa mpaka lori lilipopata mzigo wa kurudi. Kila asubuhi na kila jioni Ayyo mwenyewe alinishikia kibuyu na kuniangalia koo mpaka nimeze.

Siku ya kuondoka alinisindikiza peke yake hadi barabarani. Guyo alikuwa juu anafunga kamba. Ayyo alinishika mkono, akaanza kuniuliza mambo, moja baada ya jingine, akitazama mbali. Maumivu yangu yalikuwa yanaanza kabla ya damu? Ndiyo. Yanashuka mpaka mapajani? Ndiyo. Nikienda haja kubwa siku zile, kama kisu? Nikasema ndiyo, Ayyo, ni hivyo hivyo, nani amekwambia?

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Baba yake Guyo alileta watu wa kunisomea. Walisema ni jini. Wengine walisema ni uvivu. Baada ya Guyo sikupata mwingine, nikasema Mungu amenipa huyo, inatosha." Akanikunjulia shuka begani. "Yalikoma yenyewe nilipozeeka. Sasa siumwi. Nataka kujua tu, huyo daktari alisema yanaitwaje?"

Nilimwambia lile jina refu la kizungu. Lilimshinda. Nikalikata vipande, akalisema kipande kwa kipande, midomo ikijaribu, mpaka akalimaliza.

"Kumbe yana jina," alisema, na akakaa chini pale pale kwenye mchanga, akalia.